Mali Bila Daftari

Historia ya kompyuta huandikwa mara nyingi kama historia ya wepesi wa kuhesabu. Tunaambiwa mashine ya mwaka fulani iliweza kujumlisha mara ngapi kwa sekunde, na iliyoifuata ikaishinda kwa kiasi gani. Hiyo ni historia ya kweli, wala siikatai. Lakini mtu aliyekaa miaka mingi katika uongozi wa shule anajua kwamba kuna historia nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni ya stoo. Mwalimu mkuu anaweza kuwa na walimu wa hesabu hodari kuliko wote wilayani, lakini kama hajui vitabu viko wapi, vingapi vimeazimwa na vipi vimeliwa na mchwa, shule yake haiendi. Kompyuta nazo zina stoo. Katika insha hii nataka kumweleza msomaji habari za stoo hiyo: jinsi ilivyoanza kwa mikono ya watu, ikapita kwenye mikono ya chuma, na swali ambalo mikono hiyo ya chuma imeshindwa kulijibu mpaka leo.

Mimi ni mwalimu wa Historia, na nilimaliza utumishi wangu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kizazi changu kilikutana na kompyuta kwa kuchelewa. Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Kwa hiyo katika miaka ambayo wenzetu wa Marekani na Ulaya walikuwa wakihangaika na maghala ya kanda, sisi tulikuwa na leja, rejista na masijala. Silisemi hili kwa masikitiko. Masijala ndiyo iliyonisaidia, uzeeni, kuyaelewa maghala yale niliposoma habari zake.

Kanda ya sumaku iliingia katika kazi ya kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mashine ya UNIVAC ya mwaka 1951 ilitumia kanda ya madini. Mwaka uliofuata kampuni ya IBM ikatoa mashine yake, namba 726, iliyotumia kanda ya plastiki yenye upana wa nusu inchi, iliyoviringishwa kwenye gurudumu lenye kipenyo cha inchi kumi na nusu. Gurudumu moja lilibeba habari ambazo zingejaza kadi za kutobolewa zaidi ya 35,000. Kadi 35,000 ni mzigo wa mkokoteni. Gurudumu lile mtu alilichukua kwa mkono mmoja. Wakuu wa ofisi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Hata hivyo kadi ilikuwa na sifa moja ambayo kanda haikuwa nayo. Kadi ukiishika unayaona matundu yake, na mara nyingi maneno yamepigwa chapa juu. Mtu mwenye subira anaweza kuisoma kwa macho. Kanda ni bubu. Iliyojaa mishahara ya watumishi wa nchi nzima na iliyo tupu zinafanana kama mapacha. Zote mbili ni utepe wa rangi ya kahawia. Tangu siku ile, anayetaka kujua kilichomo ndani ya kanda hana budi kutegemea maandishi yaliyo mahali pengine. Wahenga wetu wa mwambao, ambao wengi walikuwa watu wa biashara, walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sijui methali inayoieleza kanda ya sumaku kuliko hiyo, ingawa waliyoisema hawakuwahi kuiona.

Basi pakazaliwa kazi mpya, ya mtunza maktaba ya kanda. Katika miaka ya 1960 na 1970 kila kituo kikubwa cha kompyuta kilikuwa na chumba chenye rafu ndefu kutoka sakafuni hadi darini, na magurudumu yamepangwa kwa namba kama majalada ya masijala. Kompyuta ilipohitaji kanda, ilichapa namba kwenye mtambo wa mwendeshaji. Mtu akaondoka mbio kwenda kwenye rafu, akatafuta, akarudi, akalipachika gurudumu, akapitisha utepe kwenye njia yake, akabonyeza kitufe. Kompyuta ambayo ingehesabu mamilioni ya hesabu kwa dakika moja ilikaa ikimsubiri mtu mwenye viatu.

Watunzaji wale waliweka taratibu ambazo mimi naziheshimu sana. Kila kanda ilipewa jina la herufi na tarakimu sita, likabandikwa nje kwenye gurudumu. Jina hilohilo likaandikwa kwa sumaku mwanzoni mwa kanda yenyewe, katika mstari wa herufi 80, yaani kiasi kilekile cha kadi moja ya kutobolewa, maana mazoea ya zamani hayafi upesi. Kabla ya kuandika chochote, mashine ilisoma jina la ndani na kulilinganisha na lile iliyoliagiza. Sisi walimu tunalijua jambo hilo: mtoto huandika jina kwenye gamba la daftari na tena kwenye ukurasa wa kwanza, kwa sababu gamba huchanika. Tena palikuwa na pete ya plastiki iliyopachikwa nyuma ya gurudumu. Pete ikiwepo, kanda inaandikika; ikiondolewa, mashine inasoma tu na haiwezi kufuta. Ulinzi wa habari za benki nzima ulikuwa katika pete ambayo mtoto angeweza kuichezea uwanjani.

Mwaka 1974, mwaka uleule wa marufuku yetu, IBM ilitangaza mtambo namba 3850 ambao ulikusudiwa kumwondoa yule mtu wa viatu. Waliacha magurudumu, wakatengeneza vikopo vidogo vya mviringo, kila kimoja kikibeba megabaiti 50, yaani herufi milioni 50 hivi. Vikopo vilipangwa ukutani katika vijumba vya pembe sita, sawasawa na sega la asali. Mkono wa chuma ulipita mbele ya sega, ukatoa kikopo, ukakipeleka kusomwa, ukakirudisha. Mtambo wenye vikopo 4,720 uliweka gigabaiti 236. Leo kiasi hicho kinaingia kwenye kijiti anachotundika kijana shingoni, lakini kwa wakati ule lilikuwa jambo la kushangaza. Mtambo ulikuwa wa gharama kubwa, nao ulinunuliwa na wachache.

Aliyeieneza kazi hiyo duniani alikuwa mshindani wa IBM, kampuni ya StorageTek ya jimbo la Colorado, iliyoanzishwa mwaka 1969. Kampuni hiyo ilikuwa imefilisika mwaka 1984 na kuomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mwaka 1987 ilitoka katika hifadhi hiyo, na mwaka huohuo ikatoa maktaba ya kanda namba 4400. Wakati huo magurudumu yalikuwa yameanza kuachwa, kwa sababu IBM ilikwisha kutoa, mwaka 1984, kaseti ya mraba inayoenea kiganjani, yenye megabaiti 200. Maktaba ya StorageTek ilikuwa nyumba ya mviringo, yenye kimo cha kumpita mtu, mfano wa ghala la nafaka. Kaseti zipatazo 6,000 zilipangwa ndani ya kuta zake zikitazama katikati, na katikati ulisimama mhimili wenye mkono unaozunguka. Kwenye mkono huo palikuwa na kamera ndogo iliyosoma lebo ya kila kaseti. Gizani mle, bila mtu, mkono ulizunguka, ukachomoa kaseti na kuitia katika mashine ya kusomea kwa sekunde chache. Maghala kadhaa yaliweza kuunganishwa, yakapeana kaseti kupitia dirisha dogo ukutani. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Sun mwaka 2005, na Sun ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010, lakini maktaba za kanda za leo, hata za kampuni nyingine, bado zinafuata fikra hiyo.

Nimewahi kuiona maktaba ya namna hiyo kwa macho yangu. Kijana mmoja niliyemfundisha ni mtunzaji wa mitambo katika taasisi moja mjini Dar es Salaam, akaniomba radhi ya bosi wake ili nikaione. Haikuwa ghala la nafaka. Ilikuwa kabati refu la chuma lenye kioo mlangoni, na ndani yake mkono ukipanda na kushuka kama fundi cherehani anayetafuta uzi. Nikamsifu yule roboti.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu hajui lolote. Anajua lebo na shubaka, basi."

Akanionyesha alichomaanisha. Kila kaseti ina lebo ya msimbo wa mistari, na mpaka leo ni majina yaleyale ya herufi na tarakimu sita, yakiongezewa mbili za mwisho zinazoonyesha kizazi cha kaseti. Roboti huweka orodha: kaseti hii iko shubaka la 14, ile iko shubaka la 15. Ukifungua mlango ukazibadilisha kwa mkono, orodha inakuwa uongo, na roboti hana budi kupita ukuta mzima akisoma lebo moja baada ya nyingine, kama mwalimu wa zamu anayeita majina upya baada ya wanafunzi kubadilishana madawati. Lakini kilichomo ndani ya kaseti, cha nani, cha mwaka gani, na kitunzwe mpaka lini, roboti hana habari. Hayo yamo katika orodha nyingine kubwa iliyo ndani ya kompyuta. Orodha hiyo ikipotea, kaseti zote zipo, zote nzima, zote mahali pake, na taasisi imepata hasara kana kwamba zimeungua moto.

Nikamuuliza orodha yenyewe inahifadhiwa wapi. Akacheka, kwa sababu alijua nitauliza. Orodha inanakiliwa kila usiku kwenye kaseti. Na jina la kaseti hiyo? Jina hilo, pamoja na maelezo ya kuanza upya baada ya ajali, limechapwa kwenye karatasi, nayo karatasi imo ndani ya sefu katika jengo jingine. Nilikaa kimya kidogo. Mitambo yote ile ya mamilioni ya fedha ilikuwa imefungwa, mwisho wa kamba, kwenye karatasi moja ya kawaida.

Kazi nyingine za kijana huyu zilinikumbusha bwana shamba kuliko fundi. Kanda haiandikwi katikati. Unaongeza mwishoni tu. Kwa hiyo habari zilizokwisha muda wake zinaacha mapengo, na baada ya miaka kaseti inakuwa kama kinywa changu mimi, jino hapa, jino pale. Kompyuta inapoona kaseti imebaki na habari hai chache kuliko kiwango kilichowekwa, huzihamishia habari hizo kwenye kaseti nyingine zikakaa pamoja, na ile ya kwanza ikarudi katika fungu la kaseti huru, tayari kuandikwa upya. Pia kuna kaseti za kusafishia vichwa vya mashine, nazo huhesabiwa: ikishatumika mara zake, mara nyingi 50, inatolewa. Kuna kaseti zinazonakiliwa mara mbili na nakala moja kupelekwa mbali, ili moto usizikute pamoja. Haya yote kompyuta huyatekeleza yenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Lakini kiwango amekiweka mtu, na muda wa kutunza ameuweka mtu.

Hapo kwenye muda wa kutunza ndipo historia ya kanda inapokuwa na mafunzo mazito.

Tangu miaka ya 1960, pamoja na jina, kila faili la kwenye kanda lilipewa tarehe ya mwisho, likiandikwa mwaka kwa tarakimu mbili na siku ya mwaka kwa tarakimu tatu. Tarehe ikipita, kanda ni huru. Yeyote anayehitaji aichukue na kuandika juu yake. Je, kama unataka kitu kitunzwe siku zote? Waendeshaji waliandika 99365, yaani siku ya 365 ya mwaka 99. Ilikuwa tarehe ya mbali kuliko zote ambazo tarakimu zile ziliweza kuitaja, ikawa ndiyo alama ya milele. Miaka ikaenda. Mwishoni mwa miaka ya 1990, dunia ilipokuwa ikihangaika na tatizo la mwaka 2000, watunza maktaba za kanda walikuwa na hofu yao ya peke yao: programu zisizoelewa alama ile zingeisoma kama tarehe ya kawaida, 31 Desemba 1999, na asubuhi yake kumbukumbu zote zilizokusudiwa kudumu milele zingetangazwa kuwa huru. Na roboti ni mtumishi mtiifu. Angekwenda shubaka kwa shubaka, akazitoa na kuandika juu yake bila kuuliza. Ilibidi watu wakae chini kupitia programu na orodha zao kabla ya mwaka kwisha. Milele ya wanadamu ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu tano, nayo ilikuwa karibu kumalizika.

Kufutwa kwa kanda yenye thamani hakukuhitaji roboti, bila shaka. Julai 1969 watu wawili walitembea mwezini, na dunia iliona picha zenye ukungu. Picha zilizofika kwenye vituo vya kupokelea, Australia na California, zilikuwa bora kuliko zile tulizoziona, kwa sababu zilipogeuzwa kufaa televisheni za majumbani zilipungua ubora. Zile bora zilirekodiwa kwenye kanda pana za inchi moja pamoja na vipimo vingine vya chombo. Kanda hizo zikapelekwa ghalani katika jimbo la Maryland. Miaka zaidi ya 30 baadaye, wahandisi wastaafu, miongoni mwao Stan Lebar aliyeongoza utengenezaji wa ile kamera ya mwezini, walianza kuzitafuta. Walipekua hati na maghala kwa miaka kadhaa. Mwaka 2009 shirika la NASA lilitoa taarifa yake: kwa kila dalili, kanda zile zilifutwa na kutumiwa tena, pamoja na maelfu kwa maelfu ya nyingine, wakati shirika lilipokuwa na upungufu wa kanda.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara namwonea huruma yule karani. Hakuna aliyefanya hila. Kulikuwa na uhaba wa kanda, kulikuwa na kanda za zamani zimejaa ghala, na kwenye makaratasi zilionekana ni vipimo vya safari iliyokwisha kuchambuliwa. Picha za kutua mwezini zilihesabiwa kwamba zipo, maana televisheni zilikuwa nazo. Kila hatua ilikuwa halali. Lililokosekana ni mtu mmoja katika mnyororo ule aliyejua kilichomo na aliyekuwa na mamlaka ya kusema, hizi hapana.

Mtu wa namna hiyo alipatikana kwingineko. Mwaka 1966 na 1967 Marekani ilirusha vyombo vitano vya Lunar Orbiter kupiga picha za mwezi, na picha zikahifadhiwa katika kanda zipatazo 1,500. Katika miaka ya 1980 kanda hizo zilifikia meza ya Nancy Evans, aliyekuwa mtunza kumbukumbu katika maabara ya NASA huko California. Yeye alikataa zitupwe. Tena akafahamu jambo ambalo wengi hulisahau: kanda bila mashine ya kuisomea ni takataka. Akatafuta mashine za Ampex namba FR-900, kubwa kama makabati ya nguo, ambazo hazikuwa zikitengenezwa tena, akaziweka nyumbani kwake miaka na miaka. Alipostaafu bado zilikuwako. Hatimaye Dennis Wingo na Keith Cowing walizichukua, wakazifufua katika jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's ndani ya kituo cha NASA cha Ames, na Novemba 2008 wakatoa picha ya dunia ikichomoza nyuma ya mwezi, kali kuliko ilivyowahi kuonekana mwaka 1966. Kwa maoni yangu mama huyo anastahili kutajwa katika masomo ya Historia pamoja na wale waliorusha vyombo.

Kuna watakaosema kanda ni mambo ya kale na siku hizi kila kitu kiko kwenye diski, tena kwenye mashine za watu wengine ng'ambo. Si hivyo. Februari 2011 hitilafu ya programu iliwafutia watu wachache wa Gmail barua zao, wapatao asilimia 0.02 ya watumiaji, na hitilafu ilizifikia nakala zilizokuwa kwenye diski pia. Google ilizirudisha kutoka kwenye kanda. Kanda iliyopumzika kwenye shubaka haifikiwi na hitilafu wala na mwizi wa mtandaoni. Haijaunganishwa na kitu. Kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kilitangaza Februari 2013 kwamba hazina yake ya habari imepita petabaiti 100, na sehemu kubwa ilikuwa kwenye kanda.

Lakini hao CERN ndio mfano mzuri wa gharama isiyotajwa dukani. Mtambo wao mkubwa wa kugonganisha chembe ulisimamishwa mwaka 2013 kwa matengenezo ya miaka miwili, na watunza kanda hawakupumzika. Walikitumia kipindi hicho kuhamisha hazina yao kutoka kaseti za zamani kwenda kaseti mpya, moja baada ya nyingine, roboti wakifanya kazi usiku na mchana. Kwa nini? Kaseti inaweza kuishi miaka 30, kama wenye viwanda wasemavyo, ikiwa chumba ni baridi na kikavu. Mashine ya kuisomea haiishi hivyo. Kaseti za aina ya LTO, ambazo ndizo zimeenea zaidi leo, zilianza mwaka 2000 zikibeba gigabaiti 100. Kizazi cha 9, mwaka 2021, kinabeba terabaiti 18. Kwa miaka mingi mashine ya kizazi kipya iliweza kusoma vizazi viwili vilivyotangulia. Kuanzia kizazi cha 8, mwaka 2017, ikawa kimoja tu. Kizazi cha 10, kilichotoka mwaka 2025, hakisomi kaseti ya kizazi chochote kilichopita. Kwa hiyo mwenye maktaba hana budi kuhama kila baada ya miaka michache, kama mfugaji afuataye malisho, na kila kuhama kunataka fedha, na fedha zinataka mtu wa kuziombea katika bajeti.

Sasa niseme kwa nini nimeyaandika haya. Chuo nilichokiongoza kina stoo ya rejista za wanachuo tangu kilipoanzishwa: majina, tarehe za kuingia, alama, sahihi za wakufunzi. Karatasi zimegeuka rangi na baadhi ya kingo zimeliwa. Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyefundisha darasa la kwanza miaka 34, alizungushwa na ofisi moja kuhusu mafao yake kwa sababu jalada lake halikuonekana na hapakuwa na uthibitisho wa mafunzo yake. Alifika chuoni akiwa ameshika kitenge machoni. Karani wa masijala aliingia stoo, akatoka baada ya saa mbili na rejista ya mwaka wake, na jina lilikuwepo, ukurasa wa kushoto, mstari wa tisa. Mafao yalitoka.

Mwaka jana nilialikwa, kama mmoja wa wazee wa chuo, katika kikao cha kamati kuhusu rejista hizo. Pendekezo lilikuwa zipigwe picha zote, ziingizwe kwenye kompyuta, kisha karatasi zichomwe ili chumba kiwe maabara. Vijana waliolileta ni watu makini, na juu ya kupiga picha niliwaunga mkono kwa moyo wote. Mchwa hawangoji kikao. Juu ya kuchoma nilisimama. Niliuliza ni nani, kwa cheo na si kwa jina, atakayezihamisha picha hizo mashine zitakapobadilika, na fungu lake litaandikwa kwenye kasma gani. Nikauliza pia mtu akitaka jina la mwanachuo wa mwaka 1971, atajuaje ni picha ipi kati ya makumi ya maelfu. Mjumbe mmoja alijibu kwa adabu, "Mzee wetu, kompyuta itatafuta." Nikamweleza habari ya roboti, lebo na shubaka. Picha ya ukurasa ulioandikwa kwa mkono haitaji majina yaliyomo mpaka mtu ameyasoma na kuyaandika, au mashine imeyasoma na mtu akahakiki.

Hatukukubaliana siku ile. Mwenyekiti aliahirisha suala la kuchoma, akaagiza upigaji picha uanze, na orodha iandikwe kwanza. Nakala moja itakaa chuoni na nyingine mbali. Karani aliyeipata ile rejista anakaribia kustaafu naye, na ndiye pekee anayejua kwa nini madaftari ya miaka miwili yako katika sanduku lenye maandishi ya Michezo. Amepewa meza, kalamu na kauntabuku, anaandika sanduku kwa sanduku, mwaka kwa mwaka, na kijana wa kompyuta ameketi pembeni yake akiyaingiza. Nilipopita wiki iliyopita walikuwa wamefika mwaka 1983.